Ufunguo wa Banda la Sungura

Dada yangu hatupi kitu. Nimeishi naye karibu miaka yangu yote hamsini na minane, ukiondoa ile kumi na moja niliyokuwa kwa mume wangu, na sijawahi kumwona akitupa hata uzi wa urefu wa kidole. Ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile kinachotazama barabara, ndicho kiwanda chake: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na magunia manne ya vipande. Ukimuuliza vipande vyote hivyo ni vya nini, atakwambia kila kipande kina nguo yake, ni vile tu nguo yenyewe haijazaliwa.

Jambo la pili la kumjua ni kwamba hasemi "sijui". Aliyemfundisha kazi alimkanya tangu siku ya kwanza: fundi akisema hajui mbele ya mteja, mteja anabeba kitambaa chake na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo neno lake ni "inawezekana". Mlete pazia umwambie unataka suti, atazunguka na futi yake shingoni, atakuna kidevu, atasema inawezekana. Na mara nyingi huwezekana kweli, ndiyo maana kichwa kimemvimba.

Nasema haya mapema ili mtu asije akamwonea huruma bure. Mimi ni mdogo wake, nampenda, na yaliyompata aliyatafuta mwenyewe.

Sungura waliletwa na mjukuu wake. Nyumba anayokaa na mama yake iko ghorofani na mwenye nyumba hataki kuona mnyama, kwa hiyo mtoto alipotimiza miaka tisa akazawadiwa sungura wawili, wakaja uani kwetu. Pamba ni mweupe na mvivu. Kitufe ana doa jeusi juu ya pua na hatulii hata dakika. Seremala wa mtaa wa pili aliwatengenezea banda lenye mlango wa wavu na kufuli, na mtoto akawa anapitia kwetu kila alasiri akitoka shule, maana mama yake ni muuguzi na zamu zake hazina adabu.

Mimi sikuwataka. Nilisema watanuka, nikasema watanitafunia maua, nikasema uani ni mahali pa kuanikia nguo. Hakuna aliyenisikiliza. Dada alifurahi kupita kiasi, na mimi nikadhani ni mapenzi ya mjukuu, kumbe alikuwa amepata gunia la tano. Maganda ya viazi, mabua ya mboga, vichwa vya karoti, vyote vilivyokuwa vikimuuma kuvitupa sasa vilikuwa na pa kwenda. "Unaona?" alikuwa ananiambia, akibeba bakuli kuelekea bandani. "Hakipotei kitu hapa."

Basi Jumamosi moja kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hupanda nyanya kwenye ndoo mbele ya duka lake, alikuwa anapogoa minyanya yake. Dada akapita. Akaona majani mabichi, kikapu kizima, yanaelekea jalalani, na moyo wake ukakataa.

Nilimkuta anayamwaga bandani. "Wanakula hayo?" nikamuuliza.

"Inawezekana," alisema, bila hata kugeuka.

Kitufe alikuwa na shughuli zake za kukimbia. Pamba, mvivu, alikaa palepale na kula kilicholetwa. Jumapili asubuhi mtoto alipokuja alimkuta kajikunyata kwenye kona, macho nusu, tumbo gumu, na hataki hata nyasi.

Daktari wa wanyama ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa. Alimbonyeza Pamba taratibu, akauliza amekula nini. Dada akaanza kutaja, na nadhani mwanzoni alikuwa anajisifu: maganda ya viazi yenye vichipukizi, majani ya vitunguu, majani ya nyanya. Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mama, sungura hawezi kutapika," alisema. "Mimi na wewe tukila kibaya tunakirudisha. Yeye kikishuka kimeshuka."

Sijui kama umewahi kumwona mtu aliyepima maelfu ya watu mabega akipungua mabega yake mwenyewe. Siku tatu tulimlisha Pamba uji wa nyasi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, mtoto akiwa amemshika kwenye taulo. Siku ya nne akatafuna unyasi mmoja. Tulipiga makofi jikoni kama watu waliopata mtoto mchanga.

Lakini mtoto hakuwa amelia wala kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alichukua ufunguo wa kufuli kwenye msumari wake, akautungia utepe wa buluu kutoka kwenye gunia la bibi yake mwenyewe, akauvaa shingoni.

"Bibi, kuanzia leo nitawalisha mwenyewe."

"Hata mimi nikiwapa nyasi tu?"

"Hata nyasi, bibi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshiba.

Tangu siku hiyo nilimwita Mkaguzi. Alikuwa anafika, anafungua banda, anakagua chini, anakagua juu, anaandika kwenye daftari, anafunga, anavaa ufunguo wake. Bibi yake anamtazama kwa mlango wa jikoni na mikono imekosa kazi. Wiki hiyo dada alishona mkono wa blauzi ndani nje, ya mwalimu mkuu tena, na mwalimu mkuu aliivaa mpaka shuleni. Miaka yote nilikuwa nikimwombea dada yangu siku moja ashushwe kidogo. Siku ilipofika sikuiona tamu.

Halafu zikaja habari kwamba kwaya ya shule inasafiri kwenda mashindano, siku tano, baada ya wiki tisa. Mtoto ndiye anayeanza ubeti wa kwanza, hawezi kukosa. Mama yake akauliza mezani: sungura je?

"Daktari ana mahali pa kuweka wanyama," mtoto akasema. "Nitawapeleka kule."

Dada aliweka kijiko chini. "Na bibi yako yupo?"

Ni mtoto mkweli, hilo amelirithi kwangu. "Bibi, wewe hujui wanachokula."

"Nikijua?"

"Ukijua tutaona."

Tutaona. Mtu wa miaka tisa. Mama yake alitaka kumkemea, dada akamzuia kwa mkono. "Mwache. Kasema haki."

Asubuhi yake nilipoamka nilimkuta dada uani, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anachora kwa chaki yake ya kukatia. Mkononi ana karatasi ambayo daktari alikuwa amemwandikia: upande mmoja wanachokula sungura, upande wa pili wasichokula. Ile karatasi baadaye aliibandika ukutani kwa pini katikati ya vipimo vya wateja, ikawa kiuno cha mama fulani, kifua cha bwana fulani, rehani ndiyo, nyanya hapana.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakata bustani."

Na kweli alikuwa anaikata. Hajui kupanga ardhi kwa njia nyingine. Kile kipande cha udongo nyuma ya banda, ambacho kwa miaka kilikuwa cha kutupia matofali mabovu, alikuwa amekichora kama gauni. Kiwiliwili kipana kilikuwa cha nyasi, maana daktari alisema nyasi ndiyo chakula, mengine yote ni kachumbari tu. Mkono wa kushoto mnanaa, mkono wa kulia rehani. Kola ilikuwa ya giligilani. Chini, kwenye marinda, matembele na karoti, karoti kwa ajili ya majani yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikasimama, nikaangalia tena, na nikakiri kimoyomoyo kwamba lilikuwa gauni zuri.

Tuliondoa matofali siku mbili. Nasema "tuliondoa" kwa sababu nilijikuta na mimi nimeshika jembe, sijui nani alinipa. Dada alimtuma kinyozi alete udongo mweusi, na kinyozi aliyekuwa na hatia ya nyanya zake alileta mikokoteni mitatu. Mabonge ya nyasi yenye mizizi tuliyatoa kwenye uwanja wa seremala, matembele tukachomeka vipande vya shina, mnanaa tukapewa na jirani aliyekuwa anaulaani kwa kuingia kila mahali. Shida ilikuwa njia za kupita. Fundi cherehani anajua kuacha pindo, na pindo ni vidole viwili. Basi akaacha njia za vidole viwili. Siku ya kwanza ya kumwagilia nilikanyaga kola yote.

"Dada, mguu wangu si sindano," nikamwambia.

"Inawezekana kupita," akasema, "ukipita kwa ubavu."

Mbegu za karoti alizipanda kwa mwendo wa mshono, moja baada ya moja, zimekaribiana mpaka ungedhani anaogopa zisifumuke. Wiki moja, kimya. Siku tisa, kimya. Siku ya kumi nilisikia kelele uani nikadhani nyoka. Nilikimbia na mwiko. Dada alikuwa ameinama, miwani imeteleza puani, anaonyesha kijani kimoja chembamba kuliko uzi. Halafu kingine. Halafu mstari mzima, umesimama kama mshono ulionyooka. Alinikumbatia na mwiko wangu. Naona aibu kusema, lakini nilirukaruka.

Kuanzia hapo hakuna mteja aliyepona. Ukija kuchukua suruali, unapelekwa uani kwanza. Bibi arusi mtarajiwa alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni limejaa pini kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo, dada akakumbuka kwamba giligilani imetoa jani la pili. Binti wa watu alitembezwa jikoni, akashuka ngazi tatu, akasimama peku katikati ya matope akishikilia marinda, na hakuthubutu kupumua kwa sababu ya pini. "Unaliona?" dada anamuuliza. Binti akasema analiona. Nadhani alikuwa anaangalia unyasi wa kawaida, lakini mtu mwenye pini arobaini mwilini hawezi kubishana.

Karoti zilipojazana ikabidi zipunguzwe, na nikaogopa. Huyu ni mtu asiyetupa. Lakini aliifuata karatasi ukutani, akaisoma kwa kidole, akarudi. "Majani ya karoti yapo upande wa ndiyo," alisema. "Kidogo kidogo." Kila kilichong'olewa akakiweka kwenye bakuli mlangoni mwa banda, nje, asiguse wavu. Mtoto alipofika alilikuta bakuli. Akalikagua jani kwa jani. Akafungua banda, akawapa nusu. Akaandika kwenye daftari, na dada alikaa na ile nusu kwa wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Wiki ya sita ndipo Mkaguzi alipoinua macho juu.

Katikati ya uani kuna mparachichi. Ni wangu. Niliupanda kwa kokwa mwaka ule niliofiwa na mume wangu na kurudi kuishi na dada, nikiwa sina hamu ya kitu chochote, na nilikuwa naumwagilia kwa sababu ilikuwa sababu ya kutoka kitandani. Sasa unapita paa, na matawi yake yanafika mpaka juu ya bustani.

"Bibi mdogo," mtoto akaniambia polepole, kidole kwenye orodha ya daktari aliyoinakili daftarini mwake, upande wa hapana. "Majani ya parachichi."

Tulitazama chini. Kwenye kiwiliwili cha gauni, juu ya nyasi, yalikuwa yamelala majani matano makavu ya mparachichi wangu, na mengine mawili kwenye mkono wa rehani.

Sikusubiri mtu aseme. "Mti wangu haukatwi," nikasema. "Hamjaniuliza kuhusu sungura, hamjaniuliza kuhusu bustani, na kwa huu mti msiniulize." Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikiwa na hasira na nikiwa na aibu, maana nilijua wakinibana nitakubali.

Dada hakunibana. Siku tatu hakugusia jambo hilo kabisa, na kimya cha dada yangu si cha kawaida. Nilisikia cherehani tu, asubuhi mpaka jioni, hata saa ya chakula cha mchana. Nilidhani amekata tamaa. Siku ya tatu nilishindwa, nikaenda kiwandani kumwambia basi, lete seremala na msumeno wake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Magunia mawili kati ya yale manne yalikuwa matupu.

Chumba chote kilikuwa kimejaa kitu cheupe, na cha rangi ya maziwa, na waridi hafifu hapa na pale. Vipande vya vyandarua, vya lesi, vya shela za maarusi aliowashonea kwa miaka thelathini, mapazia ya neti ya watu waliohama mji, vyote vimeunganishwa kwa mshono mara mbili, pembeni kuna pindo lenye kamba ndani yake. Dada alikuwa chini ya hiyo shehena, kinachoonekana ni kichwa tu.

"Kinapitisha jua," alisema, "kinapitisha mvua. Jani halipiti, nimejaribu. Mti wako ukae." Halafu akasema, "Shika huku, mbona umesimama kama nguzo?"

Nilishika huku. Nililia kidogo kwenye lesi ya mtu, na sioni sababu ya kuficha.

Siku ya kukitundika walikuja seremala na ngazi, kinyozi na misumari, mama wa mtoto akiwa bado na sare ya hospitali. Tulikivuta kutoka ukingo wa paa mpaka ukutani, chini ya matawi, juu ya bustani yote. Upepo ukakiinua, kikajaa, kikatulia. Jua likashuka chini yake laini, limechujwa, na kijani chote kikawa na maua ya lesi kivulini. Mtoto aliingia katikati, akapinda shingo, akazunguka mara moja, mara mbili. Jani la mparachichi likaanguka, likadunda kwenye neti, likabaki huko huko juu. Akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Pamba augue.

Lakini ufunguo ulibaki shingoni kwake.

Siku moja kabla ya safari alikuja na begi mgongoni, viatu vya kwaya mkononi, na daftari. Akamweka bibi yake mbele ya bustani, akaanza kumtahini. Hili? Mnanaa, kidogo, si kila siku. Hili? Matembele, ndiyo, lakini majani ya viazi mviringo hapana, hata kwa bahati mbaya. Hili? Giligilani. Nyasi kiasi gani? Zisiishe kamwe. Jani jipya? Kidogo, moja kwa siku, na unawaangalia mpaka kesho yake. Dada alijibu yote bila kukwama, na nilimwona anaanza kunyooka, kidevu kinapanda, kichwa kinarudi kwenye kipimo chake cha zamani.

Mtoto akatoa mkono uliokuwa nyuma ya mgongo. "Na hili?"

Lilikuwa jani refu lenye manyoya kidogo na mstari wa zambarau katikati. Halikuwa letu. Dada alilipokea, akaligeuza, akalinusa, akalikunja na kulikunjua. Alinitazama, nami silijui. Nilimwona fundi anaamka ndani yake. Nililiona lile neno linapanda kooni, lile la miaka arobaini, lile lililomlisha na kumvika na karibu limuue Pamba.

"Sijui," alisema dada yangu.

Akamrudishia mtoto jani. "Hili silijui. Na nisichokijua hakipiti kwenye mlango huu mpaka daktari aseme."

Mtoto alilibana kati ya kurasa za daftari.

"Hata mimi silijui, bibi," alisema. "Nimelichuma tu nje ya shule."

Kisha akainamisha kichwa, akavua utepe. Bibi yake akapiga magoti ili avikwe, lakini ule utepe ulikuwa umekatwa kwa kichwa cha mtoto, ukagoma kwenye paji la uso. Nikasema nikalete kipande tuuongeze, gunia bado lina tepe chungu nzima.

"Usiuguse," dada akasema. Aliuzungusha kwenye kifundo cha mkono mara mbili, akaufunga kwa meno, na kwa siku tano zilizofuata alishona nao, ufunguo ukigonga meza ya cherehani kila alipogeuza gurudumu.

Asubuhi ya safari tulisimama nje ya shule sote watatu, mama yake, bibi yake na mimi. Basi lilikuwa limejaa watoto wanaoimba bila mpangilio. Mtoto alimkumbatia mama yake, akanikumbatia mimi, akamkumbatia bibi yake zaidi ya sote. Akauliza kama nguo yake ya kwaya imepigwa pasi. Akauliza kama tumeweka maji ya kunywa. Akapanda, akakaa dirishani, akapunga mkono mpaka basi lilipopinda kona, na kuhusu sungura hakuuliza hata mara moja.

Dada alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na mimi sikumtania.